Maua Yote Mwalimu Ameyahamisha

Bonde lililo chini ya kijiji nilichofundisha, huko Makete, halina tena okidi hata moja. Limelimwa lote. Matuta ya viazi mviringo yanaanzia kwenye chemchemi ya juu hadi kwenye kidaraja cha miti, na mifereji imechimbwa kila upande kukausha tope. Waliolilima ni wengi, na waliotia saini wapo. Mimi sikushika jembe wala sikutia saini, na kwa muda mrefu hilo lilinitosha kujiona sina hatia. Lakini siku bonde lile lilipogawiwa, mtu pekee kijijini aliyejua vizuri kilichomo ndani yake nilikuwa mimi. Nilikaa kimya, kwa kuwa nilishajiaminisha kwamba kilichomo nimeshakitoa.

Watu bado wananisifu kwa kukitoa. Ndiyo maana naandika.

Asiyepajua kwetu nimweleze kidogo. Ukipanda kutoka Chimala kwa zile kona zinazowatapisha abiria, ukaipita Matamba, unatokea kwenye uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Ni nyasi mpaka macho yachoke, ukungu asubuhi, na ikifika Juni na Julai barafu juu ya majani. Mvua zikianza mwezi Novemba uwanda unachanua, na unaendelea kuchanua mpaka Aprili. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Zimehesabiwa huko aina 350 hivi za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini, siyo zile za kwenye magogo ambazo wengi wanazijua kwa picha. Mwaka 2005 eneo la kilomita za mraba 413 hivi likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wageni wengine hufika wakauliza simba wako wapi. Hakuna simba. Wengine huishia kupiga picha za ng'ombe.

Bonde letu lilikuwa nje ya mpaka wa hifadhi. Maua yalikuwa yaleyale, lakini ardhi ilikuwa ya kijiji, na cha kufanywa humo kiliamuliwa na mkutano wa kijiji.

Kilichonifanya niyatazame kwa makini maua hayo ni biashara ya chikanda. Okidi hizi, hasa jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, zina kiazi ardhini, na kiazi hicho ni chakula. Wabemba wa kaskazini mwa Zambia hukikausha na kukitwanga, wakakichanganya na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, wakapika mpaka kikashikana, kisha kikakatwa vipande na kuliwa. Hicho ndicho chikanda. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini, cha msimu. Miji ilipokua, chikanda kikaingia masokoni Lusaka na Copperbelt, na hata ng'ambo ya pili, Katanga. Okidi za Zambia zikaanza kuadimika, wanunuzi wakavuka mpaka wa Tunduma kuja kwetu. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha makadirio yao: viazi vinavyotoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia huenda vinafikia milioni nne kwa mwaka. Kila kiazi ni mmea mmoja uliong'olewa. Familia nzima ya okidi imo katika CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama pori, hivyo kuvusha viazi hivyo mpakani bila kibali ni kosa, na kuvichimba ndani ya hifadhi ni kosa hata kabla hujafikiria mpaka.

Kijijini kwetu sikuwahi kumwona mtu akila chikanda. Waliochimba walichimba ili wauze. Wengi walikuwa akina mama na watoto, kwa kuwa kazi hiyo haina mtaji zaidi ya kijembe kifupi, mfuko wa salfeti na mgongo unaoweza kuinama kutwa. Mnunuzi alifika na pikipiki, akapima kwa debe, akalipa taslimu, akaondoka. Kwa mtu anayengoja miezi viazi mviringo vikomae, halafu dalali amjazie lumbesa mpaka gunia moja liwe karibu mawili, fedha ya siku hiyohiyo si kitu cha kudharau.

Mimi niliidharau. Nilikuwa na mshahara.

Nilikuwa mkali kuliko askari wa hifadhi. Nilikuwa nimesoma vijitabu, nimehudhuria semina, na nilikuwa na picha za okidi nimezibandika ukutani darasani. Mama mmoja mjane, ambaye mwanawe alikuwa darasani kwangu, nilikutana naye jioni akitoka bondeni na mfuko begani. Nikamwamuru autue, nikaufungua, nikaona viazi, nikampeleka moja kwa moja kwa mtendaji. Akatozwa faini kwa sheria ndogo za kijiji. Ilikuwa sawa na bei ya gunia zima la viazi mviringo. Viazi vyake vikamwagwa nyuma ya ofisi, vikaoza hapo. Kabla hajaondoka aliniuliza swali, kwa sauti ya kawaida tu:

"Sasa mwalimu, ningetaka kuvirudisha, ningevirudishaje?"

"Ungevipanda," nikamjibu. "Si viazi?"

Nilisema hivyo mbele ya mtendaji na mgambo, wakacheka. Sikujua kwamba jibu lile, ambalo nilidhani ni la mtu aliyesoma, ndilo lingenitia aibu baadaye.

Mwaka uliofuata zikaja habari kwamba kikundi cha vijana kimeomba bonde lile lote kwa ajili ya vinyungu. Msomaji wa Njombe na Iringa anajua vinyungu ni nini: bustani za bondeni zinazotumia unyevu wa ardhi, ukalima kiangazi wakati mlimani kumekauka. Viazi vya kiangazi vina bei. Malori yanashuka kwenda Dar es Salaam yakiwa hayajajaa, wanunuzi wanagombania, na mtu mwenye kinyungu anaweza kuezeka nyumba kwa msimu mmoja au miwili. Sikuona sababu ya kuwazuia vijana. Nikajiona mimi ni mtu wa busara, nimepata njia ya katikati: viazi vilimwe, na maua yaokolewe. Nikachukua wanafunzi wa darasa la sita na la saba, majembe ya shule na toroli, tukashuka bondeni mwezi wa pili, okidi zikiwa zimechanua.

Kuchagua wakati wa maua lilikuwa kosa la kwanza, ingawa wakati ule niliona ndiyo akili, kwa sababu ndipo zinapoonekana.

Iliyokuwa nyingi zaidi ilikuwa Satyrium ya waridi, yenye shina lililosimama wima na maua madogomadogo yaliyosongamana kuelekea juu. Ukilichuma ua moja na kuligeuza unaona lina kofia iliyoinamia mbele, na nyuma ya kofia vimkia viwili vyembamba vinavyoning'inia, ambavyo ndani yake mna nekta. Vimkia viwili ni Satyrium. Disa ina kimoja. Niliwafundisha watoto hivyo, wakawa wanakimbia huku na huku wakipiga kelele "viwili!" na "kimoja!" Nakumbuka furaha ile, na siwezi kusema ilikuwa ya uongo.

Halafu tukachimba. Chini ya kila mmea kulikuwa na viazi viwili. Kimoja kilikuwa cha kahawia, kimenywea, ukikibonyeza kinaingia ndani na kutoa maji. Cha pili kilikuwa cheupe, kigumu, kimebana, na ngozi yake ina vinyweleo vifupi vinavyonasa udongo. Niliwaita watoto wote wakasogea nikawaeleza: hiki kilichonywea ndicho kilichozaa shina na maua mnayoyaona, kimeliwa na mmea wake mwenyewe. Hiki cheupe ndio mmea wa mwakani. Mchimbaji wa chikanda anakitaka hiki cheupe, kile kingine anakitupa. Anavuna mwaka ambao haujafika.

Nililipenda sana somo lile, na lilikuwa sahihi. Kisha tukatia viazi vyote viwili kwenye toroli, pamoja na shina, ua na bonge la udongo, nikadhani tofauti kati yetu na yule mama iko kwenye lile bonge.

Bustani niliiandaa nyuma ya ofisi ya walimu. Tulichimbua udongo mwekundu, tukachanganya na samadi iliyoiva na majivu, nikaongeza mkono wa DAP kwa kila tuta, mbolea ileile tunayotilia viazi mviringo. Tukapanga mawe yaliyopakwa chokaa. Asubuhi watoto walimwagilia kwa zamu. Nikaandika kibao kwa mkono wangu: BUSTANI YA OKIDI. Okidi zikasimama. Hazikunyauka hata kidogo; ziliendelea kuchanua kwa wiki nyingi, na kila aliyepita barabarani alisimama kutazama.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika katika wiki hizohizo.

Ajenda ya bonde ilifika mchana, watu wameshachoka. Mwenyekiti alisoma ombi la vijana. Kukawa na maneno machache juu ya njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Kisha mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hazungumzi, akauliza: "Na yale maua ya pale chemchemi? Si tuliambiwa ni mali?" Pakawa kimya kidogo. Kiongozi wa vijana, niliyemfundisha mwenyewe kusoma, akasimama akasema kwa heshima zote: "Mzee, hilo limekwisha. Maua yote mwalimu ameyahamisha."

Mkutano mzima ukanigeukia. Wengine wakapiga makofi.

Nilikuwa na mengi ya kusema, na naweza kuyataja sasa kwa sababu yamekuwa yakinirudia. Ningesema kwamba tulichokitoa ni toroli kadhaa kutoka kwenye bonde zima, na kwamba tuliyoyaacha ni mengi kupita tuliyoyachukua. Ningesema kwamba baadhi ya okidi za ardhini zinaweza kukaa msimu mzima bila kuchipua, kwa hiyo hata mimi niliyedai kuyajua maua nilikuwa nimeona yale yaliyoamka mwaka huo tu. Ningeweza kuitaja Sheria ya Mazingira ya 2004 na zile mita 60 kutoka kingo za mto zisizotakiwa kulimwa, ambazo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la tano waziseme kwa moyo. Ningeomba japo kipande cha kuzunguka chemchemi kiachwe. Nina hakika wangenipa. Watu hawakuwa na nia mbaya; waliuliza, na walikuwa wanamngoja mtu anayejua awajibu.

Niliinamisha kichwa na kutabasamu, kama anavyofanya mtu anayesifiwa.

Kwa miaka nimekuwa nikijiambia kwamba ilikuwa ni kiburi cha sifa tu. Kilikuwepo. Lakini kuna jingine ambalo sijalisema mahali popote, wala kanisani. Jina la mke wangu lilikuwamo kwenye orodha ya watakaogawiwa. Kikundi kilihitaji watu wa kutimiza idadi, na mtu akaja nyumbani akasema, mwalimu, mweke mama naye. Nikakubali. Kwa hiyo niliposema hapo juu kwamba sikushika jembe, nilisema kweli kwa namna ya watu wanaoficha: tuliweka vibarua. Viazi vya kinyungu kile ndivyo vilivyomlipia ada binti yetu wa kwanza. Sijutii ada. Najuta kwamba nilikaa kwenye mkutano ule nikiwa mlinzi wa maua na mwenye shamba kwa wakati mmoja, na watu wakadhani mimi ni mlinzi tu.

Kiangazi hicho bonde likakatwa mifereji. Kazi ilikwenda haraka kuliko nilivyotazamia. Maji yalipotoka, tope likapasuka, nyasi zikachomwa, na jembe likapindua kila kitu. Vibarua walikuta viazi vya chikanda vingi sana ndani ya udongo. Kwa kuwa sasa ni shamba, hakuna aliyewakataza kuviokota. Mnunuzi wa pikipiki alikaa kijijini wiki hiyo nzima.

Msimu wa mvua uliofuata, bustani ya shule ilichipua, lakini haba. Majani yalikuwa mafupi. Machache yalitoa ua. Nilijifariji kwamba mmea uliohamishwa lazima ushtuke kwanza. Ukweli ni kwamba zilikuwa zinaishi kwa akiba iliyokuwa kwenye kile kiazi cheupe, na akiba ile ilikuwa imekusanywa bondeni. Kiazi kipya cha safari hii kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza. Cha baada yake hakikuwepo.

Hapa ndipo nilipofanya lililo baya zaidi, na silo ninalosifiwa kwa sababu hakuna anayelijua. Ilitangazwa kwamba wageni wa elimu watatembelea shule na wataiona bustani. Matuta yalikuwa karibu matupu. Badala ya kusema zimekufa, niliwachukua wavulana wachache waliokuwa na macho makali, nikawatuma ukingo wa juu, upande wa pili wa kijiji, walete nyingine. Walileta. Tukazipanda usiku wa kuamkia ziara. Wageni wakafurahi, shule ikapewa cheti. Na kwa kuwa cheti kikishatolewa watu huja kuangalia kilichopewa cheti, nikawatuma tena, na tena, misimu iliyofuata. Wavulana wale wakawa hodari hata wa kuitambua Disa kwa jani lake tu, kabla haijatoa ua. Ujuzi huo una bei. Mmoja wao amekuwa mtu mzima sasa. Aliniambia bila kuona haya kwamba hela yake ya kwanza ya kununua bati aliipata Tunduma, na kwamba alijifunza kazi shuleni.

Aliyenifungua macho alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu, aliyepita na wanafunzi wake wakielekea hifadhini. Alichuchumaa kwenye tuta, akafikicha udongo kwa vidole, akanusa, akauliza tuliweka nini. Nilipotaja samadi, majivu na DAP alinyamaza kidogo. Hakunikemea. Akaanza kunieleza kuhusu mbegu.

Mbegu ya okidi ni vumbi. Tunda moja lina maelfu ya mbegu, na karibu hakuna hata moja iliyobeba chakula. Mahindi na maharage hufunga safari na masurufu yao, okidi hutoka mikono mitupu. Ili iote lazima iangukie mahali penye kuvu wa aina inayoelewana nayo, kuvu huyo aingie ndani ya mbegu na kuilisha. Mfaransa Noël Bernard aliligundua jambo hilo mwaka 1899, alipoona miche michanga ya okidi porini ikiwa imejaa nyuzi za kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani akaonyesha kwamba maabarani sukari inaweza kushika nafasi ya kuvu, na ni mojawapo ya njia zinazojaza maduka ya maua ya Ulaya okidi za vyungu. Lakini bondeni hakuna sukari. Mmea mzima nao unaendelea kushirikiana na kuvu kwenye mizizi yake, na kuvu huyo anaishi na nyasi zile, kwenye unyevu ule, katika udongo ule maskini usio na mbolea. Kumrutubishia kunaweza kumuua, na bonge letu la udongo lilikuwa limembeba kidogo. Sisi tukammalizia kwa DAP.

"Kwa hiyo hata ningeweka udongo mzuri zaidi?" nikauliza.

"Udongo wako ni mzuri mno," akasema. "Hapa panafaa viazi."

Nilimuuliza kama okidi haziwezi kuoteshwa kwenye chupa kisha zikarudishwa. Akasema watu wanajaribu, na ni kazi nzuri, ila mche uliotoka kwenye chupa utahitaji bonde la kurudishwa. Akanitazama, maana alikuwa amepita bondeni asubuhi ile.

Usiku ule nilikumbuka swali la yule mama mbele ya mtendaji. Nilichelewa sana kwenda kwake, nikitafuta maneno. Nilipofika alikuwa kibarazani akichambua maharage. Tukaamkiana, "kamwene", "kamwene", akanisogezea kigoda. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa mambo ya zamani, kwamba nilimtia aibu kwa kitu ambacho mimi mwenyewe nilikifanya kwa toroli.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema: "Ile faini umekuja nayo?"

Nilidhani anatania nikacheka. Hakuwa anatania. Nilirudi nyumbani nikaileta, akaihesabu, akaifunga kwenye pindo la kanga, ndipo tukaanza kuongea.

Aliniambia mambo mawili ambayo sikuyapata kwenye semina. La kwanza, kwamba mama yake mdogo aliyemwonyesha kazi alimkataza kuchimba kabla shina halijakauka na mbegu hazijapeperuka. "Ukichimba na ua, kiazi chenyewe hakijajaa," alisema. Simtakasi; mnunuzi anapongoja na hela mkononi, wangapi watasubiri shina likauke, na hata wakisubiri, kiazi kilichotoka kimetoka, na mbegu zenyewe bado zinahitaji bahati. Lakini sikuacha kufikiri kwamba yeye, mharibifu, alikuwa na kanuni ya msimu, na mimi, mwokoaji, nilishuka bondeni mwezi wa pili.

La pili lilikuwa zito zaidi. Alisema zamani walichimba karibu na nyumbani, wakirudi kabla ya giza, na kila mtu akijua nani amechimba wapi. Bonde lilipolimwa, waliozoea kazi hiyo hawakuacha. Wamehamia hifadhini. Wanavuka usiku, vijana wa kiume sasa, kwa makundi, kwa sababu ya askari na baridi, na wakishafika huko hawachagui kitu. "Mimi magoti yamekataa," alisema, "la sivyo ningekuwa nao."

Nilikuwa nimelihesabu bonde letu kama hasara ya bonde moja. Sikuwahi kuhesabu kwamba lilikuwa linapunguza mzigo kwa Kitulo. Mpaka wa hifadhi unalindwa na askari, sawa, lakini ulikuwa unalindwa pia na kile kilichokuwa nje yake, na sisi tulikikatia mifereji huku tukipiga makofi. Ninaposikia mtu wa kampuni au wa mradi anasema mimea adimu iliyopo kwenye eneo lake "itahamishwa", tumbo hunicheza. Pengine yupo anayejua kuifanya kazi hiyo sawasawa, na pengine pale ambapo ardhi imeshapotea kabisa ni afadhali kujaribu. Ninachokijua ni kwamba neno lile linawatuliza watu kabla kitu chochote hakijaokolewa, na kwamba baada ya hapo hakuna anayeuliza tena.

Bustani ya shule niliiomba ifutwe kabla sijastaafu. Mwalimu mkuu hakutaka. Alisema kibao kinaipa shule jina. Tulipatana kibao kibaki na kubadilishwa maandishi. Sasa ni bustani ya dalia, inapendeza, na haimdhuru mtu.

Ule ukingo wa juu, niliokuwa nikiupunja kujazia matuta, bado una okidi. Si nyingi kama zamani. Kijiji kipo kwenye kupanga matumizi bora ya ardhi, na mimi ni mjumbe wa kamati, jambo linaloonyesha kwamba sifa za uongo nazo zina matumizi. Nimependekeza ukingo uandikwe kuwa eneo la malisho na nyasi za kuezekea, usilimwe, na kwamba mtu asing'oe humo kitu kwa jina lolote, hata la elimu. Nimewaeleza wajumbe wenzangu habari ya cheti na wavulana. Wawili walisikitika, mmoja alicheka sana, na mwenyekiti akauliza kama lazima hilo liandikwe kwenye muhtasari. Nikasema liandikwe.

Ombi la kuulima ukingo huo limeshafika, lina majina ya vijana kumi na wawili, na la nne ni la mwanangu. Amefunga ndoa juzi na hana shamba. Ana haki ya kuuliza baba yake amempangia nini. Nilimwita nikamweleza yote, pamoja na habari ya jina la mama yake kwenye orodha ya bondeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama isingewezekana maua ya ukingoni yahamishwe kwanza.

Nimempa kinyungu cha mama yake. Mama yake ameridhia, amesema kazi ya kusimamia vibarua imemchosha. Kijana amekipokea na ameshapanda viazi aina ya Arika humo. Jina lake kwenye ombi la ukingo bado hajalifuta.